Nduthi ya Babu Si Chuma Chakavu

Wasee, msimamo wangu nauweka hapa juu ili mwenye haraka aende nao: kama kwenu kuna ile pikipiki ya zamani ya matope, iwe Yamaha DT, AG100, Suzuki TF ama Honda XL, msiiuze kwa kilo. Na mkiifufua, ifufueni irudi barabarani. Nduthi ya kusimama sebuleni ikipigwa picha ni stuli yenye tanki.

Maoni ya kwanza yatakayoingia nayajua tayari: "Buda, hiyo takataka ya nini na Boxer mpya ziko?" Swali ni zuri, nitalijibu. Lakini kwanza tujue tunaongea kuhusu nini, kwa sababu wengi wetu tumezaliwa hizi mashine zikiwa zishaanza kufunikwa na nyasi.

Mwaka wa 1968 Yamaha walitoa DT-1, cc 250, wakilenga hasa soko la Marekani. Nyepesi, matairi ya meno, ekzosi imepandishwa juu isigonge mawe. Unaendesha lami Ijumaa, Jumamosi unaingia nayo porini. Ilipendwa vibaya sana, na kampuni zingine za Japani zikafuata njia hiyo hiyo. Kutoka hapo zikaja ndogo zake, DT 125 na DT 175, na hizo ndizo wazee wetu wanazijua.

Sasa, Marekani ilikuwa mchezo wa wikendi. Huku ilikuwa kazi. Afisa wa mifugo alikuwa nayo. Mtu wa chanjo, padre, watu wa mashirika, wote. AG100 ndiyo usiseme, hiyo ilitengenezwa makusudi ya shamba: keria mbele na nyuma, stendi pande zote mbili ili uegeshe hata kwa mteremko, na cheni imefunikwa yote matope yasiingie. Mimi niko Osiri, huku Nyatike, Kaunti ya Migori. Nikikuambia matope, simaanishi yale ya kuchafua raba. Namaanisha udongo mweusi unaokwama kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Aliyechora ile cheni iliyofunikwa alikuwa anamjua mtu kama mimi bila kuniona.

Na injini yenyewe ni kitu rahisi ajabu. Ni ya mipigo miwili, ile inayochoma oili pamoja na petroli. Haina valvu juu kama ya Boxer, haina kamu. Ni pistoni, ringi, silinda, kabureta, na Yamaha wakaongeza tanki dogo la oili na pampu yake, mfumo wanaouita Autolube, ili usichanganye kwa chupa. Fundi mwenye spana chache anafungua sehemu ya juu chini ya mwembe na anairudisha kabla jua halijazama. Kosa ni moja tu hupewi msamaha: oili ikiisha, injini inanoki.

Yangu ni DT 125. Niliinunua Sh15,000 nyuma ya banda la kuku, bila kiti, bila taa, tanki likiwa na kutu ndani kama sufuria ya kisimani. Chuo nilikuwa nishaacha mwaka wa pili, karo ilikataa, na kazi yangu ni simu: narekodi mafundi na naandika haya mnayosoma. Miezi saba na Sh58,000 baadaye, ikawaka.

Hapo ndipo niligundua kitu ambacho video yoyote ya kuosha tanki haitakuonyesha. Hii nduthi ikiwaka sokoni, watu wanaanza kuongea wenyewe. Mama mmoja wa omena alisema akiwa mtoto akisikia mlio huo alikuwa anajificha kwa mahindi, kwa sababu ulikuwa mlio wa mtu wa sindano. Jaduong' mmoja akasema la, kwake huo ni mlio wa naibu wa chifu akija kukanyagia mtu mtungi wa chang'aa. Mwingine akanyamaza kwanza, halafu akasema padre alimbeba mamake usiku kwa apiko kama hiyo mpaka hospitali, mvua ikinyesha, na mama akapona.

Kwa hivyo hapa natofautiana na wale wasee wa "enzi zile maisha yalikuwa matamu". Hayakuwa. Kwa wazazi wetu mlio wa DT ulikuwa mlio wa serikali ikifika, na serikali ilifika mara chache, wakati mwingine na dawa, wakati mwingine na pingu. Mtu wa kawaida hakuwa na hiyo pikipiki. Aliikimbia ama aliingojea. Ukiifufua, fufua na hayo yote. Usitupake asali ambayo wenyewe hawakuilamba.

Na tuseme ukweli kuhusu zilivyokufa. Boda boda ilianza na baiskeli kule mpaka wa Busia miaka ya 1960. Mwishoni mwa miaka ya 2000 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, na mashine za bei nafuu kutoka India na China zikamwagika. DT haingeshindana. Kiti kiko juu, mama mwenye gunia hapandi. Inakunywa petroli, halafu inadai oili juu yake. Boxer inabeba mama, gunia, kuku wawili na mtoto wa jirani, na jioni bado kuna faida. Ilishinda kwa haki. Sitaki mtu aniambie nachukia Boxer, mimi mwenyewe zimenibeba tangu darasa la nne.

Lakini jua kitu kimoja kabla hujaita DT mzee. Nyingi ya zile injini za Kichina unazoona stejini zimenakiliwa kutoka Honda CG125, mashine ya katikati ya miaka ya 1970. Honda waliijenga wakiwafikiria watu wa nchi kama yetu, watu wasiobadilisha oili kwa wakati, kwa hivyo wakaipa mfumo wa vijiti vya kusukuma valvu badala ya cheni ya juu, ivumilie mateso. Kwa hivyo hiyo "mpya" unayoilipia deni kila jioni, ndani yake kuna mzee wa miaka hamsini. Umri wa mashine sio shida. Shida ni nani anajua kuitengeneza.

Hapo sasa ndipo hoja yangu iko.

Kuna shirika linaitwa Riders for Health, lililoanzia Uingereza. Lilianza baada ya waanzilishi wake kuona pikipiki za wahudumu wa afya Afrika zikiozea nje, na sio eti zimezeeka. Zimekosa matengenezo madogo tu, vitu vya kawaida ambavyo hakuna aliyefundishwa kufanya wala kutengewa pesa. Fikiria hiyo. Mashine imevuka bahari, imefika kijijini, halafu inakufa kwa sababu ya kitu ambacho fundi angemaliza kabla chai haijapoa. Na mgonjwa anangoja.

Sasa tazama mafundi wetu wa leo, na simtukani mtu. Wengi ni wa toa-weka. Kabureta inasumbua, toa, weka nyingine ya Kichina. Sawa, spea ziko na ni rahisi. Lakini siku spea haiko? Nduthi yangu, silinda ilikuwa imekwaruzika. Hakuna duka Migori lenye mpya. Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyepita miaka sitini, macho yameanza kumtoka, ambaye anasikiliza injini kwa kuinamisha kichwa kama mtu anayesikia umbea. Alipeleka silinda ikachongwa upya kidogo, akatafuta pistoni ya saizi inayofuata, akakata gasheti kwa mkono kutoka kwa karatasi yake akitumia mkasi. Alirekebisha kabureta bila kipimo chochote, kwa sikio na kwa rangi ya plagi. Kahawia, sawa. Nyeusi, petroli nyingi. Nyeupe, ngoja inoki.

Huyo mzee akienda, hiyo maktaba imeenda. Sijui namna ya kulisema hilo kwa ulaini.

Na Osiri hili si jambo la mapambo. Huku kijana akiacha shule kuna shimo linamngoja. Macalder palichimbwa tangu enzi za mkoloni, mgodi mkubwa ukafungwa 1966, na tangu hapo watu wanachimba kwa sururu, kamba na tochi. Kuta zinaporomoka. Kila mtu hapa ana mtu wake. Katika ile miezi saba, vijana wawili walikuwa wanakuja kushika spana na mzee, mwanzoni kwa sababu nilikuwa narekodi na walitaka kuonekana. Mmoja alikuwa anashuka shimoni. Sasa ana boksi la spana na turubai kando ya barabara, anatengeneza boda na zile injini za mashine za kusaga mawe. Siku nzuri ya shimo inamshinda kwa pesa, anasema mwenyewe. Lakini usiku analala nyumbani na mamake analala pia.

Ndiyo maana nasema fufua. Nduthi ya zamani ni darasa la bei rahisi. Boxer ya deni huwezi kumpa kijana afungue injini ajifunze, ikiharibika nani atalipa? Hii ya nyuma ya banda la kuku, tayari imekufa. Huwezi kuiua tena.

Kuna hoja mbili za upande wa pili ambazo naziheshimu.

Ya kwanza ni moshi. Kweli, injini ya mipigo miwili inachafua hewa, na singependa kuona boda zote za Migori zikirudi huko. Nduthi moja ya kutembea Jumapili na kufundishia si sawa na stejini mia moja zinazofuka siku nzima. Ziwe chache, na zitunzwe.

Ya pili ni pesa, na hii iko nyumbani kwangu. Msee mmoja wa Nairobi anayekusanya pikipiki za zamani aliona video zangu akanipa Sh150,000. Mamangu alisikia hiyo namba akaweka mwiko chini. "Wuod, uza." Mdogo wangu bado yuko shule, na mimi najua karo ikikataa kunakuwaje. Nilimuuliza yule msee ataifanyia nini. Akasema itakaa ofisini, imetundikwa ukutani. Nikakataa. Nimemwambia mama nitalipa karo ya muhula huu kwa video, na mzee anaitumia nduthi kufika kwa wateja wake siku za mvua, ananirudishia kidogo. Mama hajakubali bado. Anayo haki. Sisemi kila mtu akatae pesa kama mimi. Nasema kama unauza, uza ikiwa inawaka, kwa bei ya mashine, na fundi apate fungu lake. Kati ya bei ya kilo na bei ya mashine kuna karo ya muhula mzima, na hiyo tofauti ni kazi ya mikono ya mtu.

Kama una moja kwenu, fanya hivi.

Anza na karatasi. Tafuta logbuku, na hakikisha namba ya chasisi inalingana nayo. Kama ilikuwa ya serikali ikauzwa kwa mnada, tafuta stakabadhi. Kama mwenyewe alifariki, hiyo ni mali ya urithi, kaa na familia kwanza kabla hujagusa bolti.

Usianze na rangi. Rangi ndiyo inapata likes, lakini breki, beringi za magurudumu na pampu ya oili ndizo zinakurudisha nyumbani. Mimi tanki langu bado lina mikwaruzo yake ya zamani na naipenda.

Usikate chasisi nyuma eti unataka mtindo wa Ulaya. Ukishakata haijirudishi. Na keria ile unayoiona mbaya ndiyo iliyobeba masanduku ya baridi ya chanjo.

Vaa helmeti, hata kama unaenda tu dukani.

Mwisho, mlipe mzee, na umrekodi. Uso, mikono, na sauti anapoeleza. Simu unayo. Muulize alijifunzia wapi, nani alimfundisha, mashine gani ilimshinda. Usingoje maziko ndio uanze kuuliza watoto wake.

Mwaka wa 2022 serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa, ilikuwa kwa sababu ya nguzo za stima zilizoibwa. Hakuna aliyefikiria pikipiki za mababu, na marufuku ilipoondolewa, mizani ilirudi. Hapa kwetu msee wa vyuma anapita Jumanne na Ijumaa. Kwenu anapita siku gani? Nenda nyuma ya nyumba uangalie kabla yake, halafu nitumie picha.