Mto si parsele

Mvua imerudi, na kartie za kando ya maji hazilali tena. Usiku mama anasikiliza mto kama vile anasikiliza pumzi ya mtoto mgonjwa. Maji yakibadilisha sauti, anaamsha nyumba yote. Wanabeba godoro, sufuria na makaratasi ya masomo, wanapanda kwenye barabara. Asubuhi wanarudi kufagia matope. Wiki inayofuata mtu anafika na kamba ya kupimia, anauza parsele nyingine palepale.

Ni juu ya hiyo kamba tunataka kuongea leo.

Anayetoka Uvira kwa RN5 anajua: kabla ya kuingia Baraka, unavuka Mutambala. Mto huu unashuka kutoka milimani, unaleta maji na mchanga, unaishia katika ziwa Tanganyika. Maisha yetu yako kati ya huo mto na hilo ziwa. Mama wanafua, vijana wanachota mchanga wa kujengea, wengine wanafyatua matofali, watu wa moto wanaosha pikipiki zao. Jioni wavuvi wanawasha taa, wanaenda kutafuta ndagala. Asubuhi ndagala inaanikwa, na bei yake sokoni ndiyo inaamua kama nyumbani watakula mara moja au mara mbili. Na maji yaleyale ya kufulia, kuna watu wanayachota kwa bidoni kwenda kuyanywa. Ndiyo maana kipindupindu hakihitaji kuuliza njia ya kufika Baraka.

Watu wengine wanasema: "Hawa wa kando ya mto wajilaumu, nani aliwaambia wajenge pale?" Siye tunajibu kwa historia.

Mwaka 1858 wazungu wawili, Burton na Speke, walipita kwenye ziwa letu. Waliiona Ubwari wakafikiri ni kisiwa, na mpaka leo ramani zinaita ghuba yetu kwa jina la Burton. Wavuvi wa Ubwari walijua tayari kwamba ni nchi kavu iliyoingia majini. Walijua pia kwamba ziwa lina tabia ya kupanda na kushuka. Wazee wetu waliliona tena mwaka 1964. Mwaka ule ziwa lilipanda sana, na mwaka uleule uasi wa Simba ulifika kwetu. Maji upande mmoja, bunduki upande mwingine.

Halafu zikaja vita vya 1996 na 1998. Makobola, mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999, hatutaisahau. Watu wa Fizi walivuka ziwa kwa mitumbwi na maboti, wakafika Kigoma, wakaishi Nyarugusu na Lugufu. Wengi wetu tulizaliwa kule. Mpaka leo wanatucheka kwa Kiswahili chetu cha kambi. Mwezi wa 10 mwaka 2005, maboti ya HCR yalianza kurudisha watu kutoka Kigoma mpaka bandari ya Baraka. Familia zilishuka na maturubai, mbegu na watoto. Mwenye kupata parsele yake ya zamani alishukuru Mungu. Asiyepata alijenga pale alipoona nafasi, karibu na maji na karibu na barabara. Mwaka 2015 ndugu Warundi walikimbilia Lusenda. Mwaka 2025, baada ya Bukavu kuanguka, wengine tena walifika wakitafuta pa kulala. Kila vita inaongeza nyumba kando ya maji.

Basi msituambie hawa watu ni wajinga. Walijenga pale maana nchi haikuwapa pengine.

Lakini historia haizuii maji. Milimani miti inakatwa kwa makala na kwa mashamba, basi mvua ikinyesha hakuna kitu cha kuizuia, inashuka yote mara moja na udongo wake. Udongo unajaza kitanda cha mto. Nyumba na takataka zinafunga kando zake. Tena ziwa likiwa juu, kama tulivyoona mwaka 2020 na 2024, mto unafika chini ukakuta mlango umefungwa. Maji yanarudi nyuma, yanaingia kwenye nyumba. Tulishaona mfano kwa jirani: mwezi wa 4 mwaka 2020, Mulongwe ilitoka katika njia yake pale Uvira. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka. Uvira si mbali. Tusingoje zamu yetu.

Na hapa tuseme ukweli unaouma. Ile kamba ya kupimia haishikwi na wakubwa peke yao. Mkubwa anatia sahihi, lakini komisioneri anayemleta mnunuzi ni kijana kama sisi. Anapata dola zake chache, anaenda zake. Kuna wenzetu waliosimama nasi kwenye maandamano ya kudai maji, na kesho yake wakapeleka mjane mwenye watoto kununua parsele ndani ya njia ya mto. Hatuwezi kupiga kelele juu ya serikali mchana, na usiku tukauza mto. Ndani ya harakati hii, anayefanya hiyo kazi achague.

Baraka imepewa jina la mji. Iko na meya, iko na taksi za soko, mama wanalipa kila siku. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 48, inasema makao yenye heshima, maji safi na umeme ni haki. Hatuombi zawadi. Tunadai haya:

Moja, kuuza parsele kando ya Mutambala na vijito vyake kusimame sasa, mbele ya mvua kubwa. Borni zipandwe, wenyeji wa kila avenue wakiwepo, na ramani ibandikwe sokoni watu wote waione.

Mbili, asifukuzwe mtu kabla hajaonyeshwa mahali pa juu pa kujenga. Kubomoa nyumba ya mtu bila kumpa pengine ni kumrudisha kesho palepale. Kifungu cha 34 cha Katiba kinalinda mali ya kila mtu.

Tatu, sehemu ya taksi za soko itumike kwa robine na mifereji ya kartie za chini, na hesabu isomwe mbele ya watu.

Nne, wakulima na wachoma makala wa milimani waitwe kwenye mazungumzo hayo. Mto unaanza kwao. Tukiwaacha nje, tutaendelea kufagia matope.

Siye upande wetu tunaanza bila kungoja. Kila jumamosi asubuhi ni salongo kwenye mifereji ya kartie za chini. Mwenye jembe alete jembe, asiye nalo alete mikono. Tutapita avenue kwa avenue kuandika nyumba zilizo hatarini, na kupanga nani atagonga milango usiku maji yakipanda, nani atabeba wazee na wagonjwa. Kama mtu anakuuliza ununue parsele karibu na mto, kataa, halafu mwambie jirani yako naye akatae.

Wazazi wetu walivuka ziwa mara mbili, kwenda na kurudi, ili tuzeeke hapa. Hatutakubali nyumba walizojenga kwa shida hiyo zichukuliwe na maji kwa sababu ya kamba na sahihi.

Mto si parsele. Mto hauuzwi.

Imeandikwa Baraka, kwa niaba ya vijana wa Fizi wanaokataa kunyamaza.