Tazama Sahihi ni ya Nani

Wako wazazi kwetu ambao watoto wao wako Marekani. Wengine walikwenda kusoma. Wengine, kama ndugu zetu Wakongo waliokaa kambi ya Nyarugusu, walipelekwa huko kwa kuwa ni wakimbizi. Jioni vijana hao hukutana katika kumbi za vijana, wacheze mpira na kusaidiana masomo. Wazazi huuliza: Je, askari wa uhamiaji waweza kuingia humo?

Mwezi wa Oktoba 2021 serikali ya Marekani iliagiza askari hao wajizuie kukamata watu penye shule, makanisa na mahali wakutanapo watoto. Agizo hilo lilifutwa Januari 2025. Lakini katiba haikufutwa. Nyongeza yake ya Nne, ya mwaka 1791, ingalipo.

Maana yake ni hii. Katika ukumbi ulio wazi kwa watu wote, askari aweza kuingia kama mtu mwingine. Chumba cha ndani, kisicho cha wageni, ni jambo lingine. Isipokuwa pana hatari ya ghafula, yampasa apewe idhini, au awe na hati ya mahakama iliyotiwa sahihi na jaji. Hapo ndipo wengi hukosea. Iko hati nyingine, iitwayo I-200, ambayo hutiwa sahihi na afisa wa uhamiaji. Hiyo yahusu kumkamata mtu aliyetajwa. Haifungui mlango wa chumba hicho. Basi msimamizi aisome bila haraka: Sahihi ni ya nani? Mahakama gani? Mahali gani? Tarehe gani?

Na kijana je? Asikimbie, wala asimzuie askari kwa nguvu. Asiseme uongo, wala asionyeshe hati ya kughushi. Aulize kwa adabu kama yu huru kwenda. Akikubaliwa, aondoke polepole. Akizuiwa, aseme kwamba atanyamaza na kwamba ataka kuongea na wakili. Haki hiyo anayo hata asiye na kibali. Asitie sahihi karatasi asiyoielewa. Aliyetimiza miaka 18 naye ana kibali, achukue hati yake kila aendako, maana sheria yataka hivyo.

Tena, katika kesi za uhamiaji serikali haimlipii mtu wakili. Kwa hiyo namba ya wakili itafutwe leo, na msimamizi apange nani atapokea mgeni mlangoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wako watakaosema kwamba huku ni kuwafundisha watoto ukaidi. Sivyo. Sheria humfunga kijana, na humfunga askari vilevile. Aombaye kuona hati kwa heshima anaitii. Mzazi, kabla ya Jumapili ijayo mpelekee mwanao habari hizi, umwulize: Namba ya wakili unayo?