Usinitumie Chama Kizima, Nimeomba Jina na Salio

Wasee, leo naongea na nyinyi mnaojenga programu za wavuti, hasa upande wa seva. Na nyinyi wengine msitoke, maana bando inayoliwa ni yenu.

Msimamo wangu ni huu: fremuweki isikuamulie ni vitu gani vinavyohusiana vipakiwe, na kwa kina gani. Amua wewe, skrini kwa skrini, na uandike wazi.

Tuchukue programu ya chama, kwani nani hapa hana chama? Tuseme kina wanachama 30. Kila mmoja ana michango 12 ya mwaka, na kila mchango una risiti yake ya M-Pesa. Kwa hifadhidata hayo ni majedwali manne tofauti. Lakini mweka hazina akifungua simu anataka kuona vitu ndani ya vitu: chama, ndani yake watu, ndani ya watu michango, ndani ya michango risiti.

Sasa fremuweki zetu zina ukarimu fulani wa hatari. Kwa Django, Rails ama Laravel, unaandika mwanachama, unaweka alama yako, unaandika michango, na inakaa ni kama kitu kiko hapo mkononi tayari. Hakiko. Ukikigusa tu, seva inakimbia kwa hifadhidata kuuliza. Huu ndio upakiaji wa kivivu, na kwa mtu mmoja hauna shida yoyote. Uweke ndani ya lupu sasa. Swali 1 la chama, 1 la wanachama, 30 ya michango, halafu 360 ya risiti. Jumla maswali 392, kwa skrini moja! Wataalamu wanaiita shida ya N+1, na mimi naona hilo jina linaipunguzia makali, kwa sababu vitu vikiwa ndani ya vingine hujumlishi tena, unazidisha.

Na kwa laptop yako hutaiona. Uko na wanachama watatu wa majaribio, hifadhidata iko kwa mashine hiyo hiyo, kila kitu kinaruka. Mbaya zaidi ni wale wanaohamishia lupu kwa simu yenyewe: simu iombe orodha, kisha iombe kila mtu peke yake, kisha kila risiti peke yake. Kama safari ya kwenda na kurudi kwa seva ni milisekunde 150, maombi 392 yakifuatana ni karibu dakika nzima. Huyo mama yuko Gikomba, wateja wamemsimamia, amenunua bando ya mbao, na anaangalia kamduara kakizunguka.

Dawa iko, na si ngeni. Django imekuwa na prefetch_related tangu toleo la 1.4 la mwaka 2012. Rails ina includes, Laravel ina with, na Entity Framework Core ina Include na ThenInclude za kushuka ngazi kwa ngazi. Ukitumia prefetch_related, yale maswali 392 yanakuwa 4, moja kwa kila jedwali, halafu Django inaviunganisha yenyewe. (Risiti ukiivuta na select_related unabaki na 3, lakini tusibishanie hapo.)

Shida ni kwamba mtu akionja hii dawa anainywa chupa yote. Anaanza kupakia kila kitu kwa kila ombi, "just in case" kama tunavyosema. Kwa Django REST Framework kuna kitu kinaitwa depth. Unaandika depth = 2, na mchango unatoka ukiwa na mwanachama ndani, na mwanachama ana akaunti yake ya mtumiaji ndani. Tamu sana, hadi usome JSON yenyewe. Vile vitu vya ndani vinatoka na safu zao zote za jedwali: nambari ya simu, nambari ya kitambulisho kama uliiweka hapo, na hata nenosiri lililofumbwa. Skrini haionyeshi, lakini yeyote anayejua kufungua kivinjari na kuangalia maombi ya mtandao anasoma yote. Sasa fikiria chama ambacho kila mwanachama anaweza kusoma kitambulisho cha mwenzake. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ukusanye na utumie zile data unazohitaji tu, na ni vigumu kunishawishi kwamba orodha ya michango inahitaji nenosiri la mtu.

Najua kuna msee atasema, "Si utumie GraphQL." Sawa, Facebook waliifungulia umma 2015, na ni kweli simu inaomba vile inavyotaka tu. Lakini kule nyuma, seva isipoangaliwa inauliza maswali yale yale 392, ndio maana kukatengenezwa DataLoader ya kuyakusanya pamoja. Tena ukiacha mlango wazi, mtu anaomba chama, wanachama wake, chama chao, wanachama wake tena, hadi seva ilale. Lazima kuna mtu aweke kikomo cha kina. Mtu huyo ni wewe.

Kwa hivyo zimeni huo uvivu mkiwa bado mnajenga. Laravel ina Model::preventLazyLoading(), Rails ina strict_loading tangu 6.1, na kwa Django andika jaribio la assertNumQueries linalosema skrini hii ni maswali 4, yakizidi ifeli. Watu wanalalamika ati inawatupia makosa kila saa. Ni sawa itupe hapo kwa meza yako, kabla ifike Gikomba.

Na kabla ya kupakia chochote, uliza skrini inaonyesha nini. Mweka hazina akifungua anataka kujua nani amelipa na nani bado. Hayo ni majina 30 na jumla 30, na hifadhidata inaweza kupiga hiyo hesabu kwa swali moja, bila kutuma hata risiti moja. Akibonyeza jina la mtu, hapo sasa ndio uende ulete michango yake 12.