Chupa Tuliyokataa Kuibariki



Ndugu wapendwa, juma lililopita, baada ya Misa ya asubuhi, mama mmoja wa jumuiya zetu alifika nyumbani kwa mapadre akiwa na mwanawe wa miaka 34 na chupa ya lita moja yenye maji ya rangi ya chai. Aliomba tuibariki. Babu wa kijana huyo alifariki akiwa amevimba miguu na uso, na baba yake vivyo hivyo. Sasa kipimo cha ultrasaundi kimeonyesha kwamba figo zote mbili za kijana zimejaa vifuko vya maji. Muuzaji aliwaambia kwamba dawa ile iko "katika majaribio", kwamba wenye bahati ndio wanaoipata mapema, na kwamba dozi kamili ni chupa sita. Ya kwanza ilikwisha kula ng'ombe mmoja.

Tulimbariki kijana, lakini chupa tulikataa kuibariki. Mama akatuuliza, "Baba Paroko, kwani hospitali nako si wanajaribu tu?" Siku ile tulimjibu vibaya, kwa haraka ya mtu anayengojewa kigangoni. Tafakari hii ni jibu tunalomdai, na tunawaandikia ninyi nyote kwa sababu chupa kama ile inauzwa katika masoko yetu na ndani ya mabasi yanayotoka Iringa kwenda Mbeya, na muuzaji hushuka Mafinga au Makambako kabla hajaulizwa swali la pili.

Kwanza tuutaje ugonjwa kwa jina. Kijana huyu ana ugonjwa wa figo wa kurithi unaotokana na hitilafu katika jeni. Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto anayezaliwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuupata. Vifuko hukua polepole kwa miaka mingi, shinikizo la damu hupanda, na mara nyingi mtu hugundua akiwa amekwisha kuwa mzazi yeye mwenyewe. Ndiyo sababu ukoo huona watu wake wakianguka katika umri unaokaribiana, kisha huanza kumtazama bibi mzee kwa jicho baya. Wapendwa, bibi hana hatia. Anayemwita mchawi anavunja amri ya Mungu, na figo za mjukuu hazitapona kwa hilo.

Je, ipo tiba? Tuseme ukweli ulivyo. Kuna dawa iitwayo tolvaptan, iliyoidhinishwa kwa ugonjwa huu huko Japani mwaka 2014 na Marekani mwaka 2018. Dawa hiyo hupunguza kasi ya ugonjwa bila kuuponya, ni ghali mno, na anayeitumia lazima apimwe ini mara kwa mara. Dawa nyingine, bardoxolone, ilijaribiwa kwa ugonjwa mwingine wa kurithi uitwao Alport, unaoharibu figo na masikio. Vipimo vya mwanzo vilipendeza. Lakini Desemba 2021 wataalamu 13 walioitwa kuishauri mamlaka ya dawa ya Marekani walipiga kura, na wote 13 wakasema ushahidi hautoshi. Februari 2022 mamlaka ikakataa kuiidhinisha. Hebu fikirini: kampuni ilikwisha kutumia fedha nyingi na wagonjwa walikuwa wakingoja, na bado ikaambiwa hapana. Muuzaji wa basini ameambiwa hapana na nani?

Hapo ndipo ilipo tofauti, mama yetu. Jaribio la kweli huanza kwa kukiri, "Hatujui." Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumeliona kwa macho yetu. Mbeya kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), ambako vijana wetu walijitolea katika majaribio ya chanjo ya ukimwi. Jaribio la PrEPVacc lilifanyika huko, na pia Dar es Salaam, Uganda na Afrika ya Kusini. Mwishoni mwa mwaka 2023 uchomaji wa chanjo ulisitishwa, kwa kuwa ilionekana haielekei kuleta kinga, na jambo hilo likatangazwa mbele ya dunia nzima. Hakuna aliyeficha. Vijana wale hawakuuza ng'ombe ili wajaribiwe. Walielezwa hatari, wakatia sahihi kwa hiari, na walikuwa na haki ya kujitoa siku yoyote.

Basi yeyote anayewaletea "dawa ya majaribio" mwulizeni maswali manne. Kibali cha NIMR na cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kiko wapi? Ni nani anayemfuatilia mgonjwa na kuandika madhara yanayompata? Kwa nini mgonjwa alipie kujaribiwa? Na dawa ikishindwa, nani atatangaza? Akikasirika kabla ya swali la nne, mmekwisha kupata jibu.

Watatuambia kwamba tunadharau dawa za asili. La hasha. Nchi yetu ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, na mganga mkweli hana sababu ya kuogopa kupimwa. Lakini si kila kitokacho shambani ni salama. Mwaka 1993 madaktari wa Brussels, Ubelgiji, walitoa taarifa ya wanawake walioharibika figo baada ya kutumia mitishamba ya kupunguza unene. Wagonjwa walizidi 100, na chanzo kikaonekana kuwa mmea wenye sumu. Figo ndiyo inayochuja kila tunachokunywa. Kuimiminia figo mgonjwa kitu kisichojulikana ni sawa na kumtwisha mzigo mtu aliyevunjika mguu.

Wala tusisahau mwaka 2011. Maelfu kwa maelfu, wakiwamo watu wa kwetu, walipanga foleni katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Wapo waliofia njiani, na wapo walioacha dawa zao za ukimwi. Mzee aliyekitoa alikuwa mchungaji mstaafu, na bei yake haikuwa ya mnyang'anyi. Funzo ni kwamba hata nia njema haitoshi ikikosa kipimo. Sembuse pale ambapo nia yenyewe ni ng'ombe wa mjane!

Na sisi wachungaji tujipige kifua. Tumewahi kumruhusu muuzaji wa dawa asimame wakati wa matangazo, kwa kuwa alikuja na barua nzuri na sadaka nono. Altare yetu ikawa kibanda chake. Tunaomba radhi, na haitatokea tena.

Lakini lipo kosa la upande wa pili, nalo ni kusema kwamba kila utafiti ni njama ya kutugeuza panya. Mwaka 2010 wanasayansi waligundua kwamba mabadiliko fulani ya jeni iitwayo APOL1, yaliyoenea hasa kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi, humkinga mtu na vimelea vya malale, lakini anayeyarithi kutoka kwa wazazi wote wawili yumo katika hatari kubwa ya kuugua figo. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya dawa inaxaplin iliyojaribiwa kwa wagonjwa 16 tu: protini inayopotea katika mkojo ilipungua kwa karibu nusu. Ni tumaini, bado si tiba. Waafrika wakijifungia nje ya utafiti wa namna hii, dawa zitapimwa kwa damu ya wengine na kuuzwa kwa bei ya wengine. Katekisimu, namba 2295, inadai ridhaa ya mtu anayejua, na inakataza kumtia binadamu katika hatari isiyo ya lazima. Nasi tudai zaidi: anayejaribu dawa kwa maskini asimnyime maskini dawa hiyo ikifaulu.

Tufanye nini basi? Wenye historia ya figo katika ukoo wapime shinikizo la damu, mkojo na damu mapema. Kudhibiti shinikizo kunaipa figo miaka. Kupandikiza figo kunafanyika nchini: Muhimbili tangu Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu Machi 2018. Kutoa figo kwa upendo, bila kuiuza, Kanisa linakusifu. Ila katika ugonjwa huu ndugu anayetaka kutoa lazima achunguzwe kwanza kwa makini, asije akawa ameurithi yeye pia.

Mama yetu ana watoto wengine watatu, na hakuna aliyepimwa. Ng'ombe wa pili bado yumo zizini. Tunamsihi asimuuze kwa ajili ya chupa ya pili; na nauli na vipimo vya watoto wale, jumuiya yake imeahidi kuchangia kuanzia Jumapili hii. Nasi tutatoa wa kwanza.

Amani ya Kristo iwe nanyi.