Misafara ya Pikipiki Singida Ipangwe kwa Majira, Siyo kwa Sikukuu

Msafiri atokaye mjini Singida kuelekea Babati huuona Mlima Hanang muda mrefu kabla ya kuufikia. Mlima huo, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, husimama peke yake juu ya uwanda, na barabara ya lami hupita chini yake katika mji wa Katesh, ng'ambo ya mpaka wa Mkoa wa Singida na Mkoa wa Manyara. Kwa kikundi cha vijana wenye pikipiki, hiyo ni safari ya siku moja yenye kuvutia sana. Lakini asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka katika mlima huohuo na kuukumba mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha.

Tukio hilo lilikuwa kubwa kupita kiasi cha kawaida, na wengi wa waliofariki hawakuwa safarini. Hata hivyo lina somo kwa kila apangaye safari katika nchi ya kati ya Tanzania. Kitu kilekile kinachoifanya barabara ipendeze ndicho kinachoifanya hali ya hewa iwe ya hatari. Mlima, genge, bonde na ziwa havipambi njia tu. Huamua pia mvua inyeshe wapi, maji yapite wapi na upepo uvume kwa nguvu gani. Kwa hiyo kikundi kinachochagua njia kwa sababu ya mandhari yake, huku kikichagua siku kwa sababu ya sikukuu, kimefanya nusu tu ya kazi ya kupanga, nayo ni ile nusu iliyo nyepesi.

Nchi iliyovunjika na mvua yake

Sehemu kubwa ya Mkoa wa Singida ni uwanda wa juu wenye miamba ya matale, uliokatwa pande mbili na mipasuko ya Bonde la Ufa. Upande wa kusini-mashariki, karibu na Kilimatinde na Saranda katika Wilaya ya Manyoni, ardhi hushuka ghafla kuelekea bonde la Bahi. Upande wa kaskazini-magharibi, uwanda wa Iramba huishia kwenye mlima wa Sekenke, ambako barabara iendayo Shelui na Nzega huteremka kwa kona kali hadi tambarare ya Wembere. Sekenke ina historia yake pia: dhahabu yake ilianza kuchimbwa wakati wa Wajerumani, na ndiyo iliyotumika kutengenezea sarafu za dhahabu zilizopigwa Tabora mwaka 1916. Mjini Singida kwenyewe yapo maziwa ya magadi ya Singidani na Kindai, ambako heroe huonekana.

Kila moja ya mahali hapo huwa na tabia yake ya hewa. Upepo unapolikabili genge hulazimika kupanda, unapopanda hupoa, na unapopoa unyevu wake huweza kugeuka mawingu. Msafiri anayeteremka naye huingia katika hewa nyingine, kwa maana kwa wastani joto huongezeka kiasi cha nusu nyuzi au zaidi kidogo kwa kila mita 100 za kushuka. Chini ya Sekenke hukuta ardhi nyingine pia. Juu palikuwa na mchanga wa matale unaopitisha maji upesi. Chini pana udongo mweusi wa mbuga, ambao ukilowa hunata, hujaza nafasi kati ya tairi na bamba la kuzuia matope, na kuifanya pikipiki isiweze kusukumwa wala kuendeshwa. Aliyeiacha lami ili apige picha ya Wembere baada ya mvua huweza kukesha hapohapo.

Shuleni wanafunzi hufundishwa habari za masika na vuli. Majina hayo ni sahihi kwa pwani na kwa nchi ya kaskazini-mashariki, lakini Singida haina misimu miwili ya mvua. Inao mmoja tu, ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huuita Msimu, nao huanza Novemba na kwisha Aprili. Maana yake kwa msafiri ni wazi. Likizo ya Desemba, pamoja na Krismasi na Mwaka Mpya, ambayo ndiyo hupendwa kwa misafara ya vikundi, huangukia ndani ya mvua. Likizo ya Juni huangukia nje yake.

Kuna mfano wa zamani unaofaa kukumbukwa. Mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanzishwa mwaka 1953, yalipangwa kufanyika wakati wa Pasaka, yaani wakati wa mvua za masika, na matope yakawa ndiyo mtihani wake. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Waliokuwa wakishindana waliyataka matope hayo, nao walifuatwa na mafundi na vipuri. Kikundi cha marafiki kinachoondoka Singida tarehe 26 Desemba hujiingiza katika mtihani wa namna ileile bila kuuomba, bila fundi, na mara nyingi kikiwa na abiria mgongoni.

Saa ya kuondoka

Baada ya mwezi huja saa. Katika majira ya mvua, mvua nyingi za radi huzaliwa na joto la mchana: jua huipasha ardhi, hewa hupanda, na mawingu marefu hukomaa alasiri. Asubuhi kwa kawaida huwa tulivu zaidi. Hivyo kikundi kinacholazimika kusafiri katika Msimu kingefaa kiwe kimekwisha kupita magenge na mabonde kabla ya saa 7 mchana.

Hapa jiografia ya darasani huweza kutumika barabarani. Saa za Tanzania hufuata longitudo 45 Mashariki, lakini mji wa Singida uko karibu na longitudo 35. Kila digrii moja ni dakika 4. Kwa hiyo jua la Singida huchelewa kiasi cha dakika 40 nyuma ya saa ya ukutani. Mwezi Juni jua huchomoza karibu na saa 12:45 asubuhi. Anayepanga kuondoka saa 12 kamili hupanga kuendesha gizani, wakati wa baridi, huku ng'ombe na mbuzi wakiwa bado barabarani. Na anayeteremka Sekenke jioni huliendea jua, kwa sababu barabara hiyo huelekea magharibi. Mwanga humjia machoni katika kona zilezile zinazohitaji macho zaidi.

Upepo nao una msimu wake. Kuanzia Juni hadi Oktoba pepo za kusini-mashariki huvuma Singida kwa nguvu na kwa kudumu, kiasi kwamba mkoa huu umependekezwa kwa ajili ya mitambo ya umeme wa upepo. Nguvu ya upepo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi yake: upepo ukiwa na kasi maradufu, msukumo huwa mara nne. Hatari kubwa zaidi iko mahali ambapo upepo hubadilika ghafla. Mwendeshaji aliyekingwa na kilima cha matale hutokeza uwandani na kupigwa ubavuni kwa mara moja, naye akiwa amebeba mzigo mpana husukumwa hadi katikati ya barabara. Wa mbele akishapigwa, wa nyuma wamekwisha kuonywa, ikiwa wanamtazama na wako mbali naye kiasi cha kutosha.

Hesabu ya kikundi

Umbali kati ya pikipiki na pikipiki ni jambo la hesabu, wala si la ushujaa. Katika kilomita 60 kwa saa, pikipiki huenda karibu mita 17 kila sekunde. Kwenye lami kavu, ambako kipimo cha msuguano huwa kama 0.7, breki huhitaji kiasi cha mita 20 kuisimamisha. Lami ikilowa na kipimo kikashuka hadi 0.4, huhitaji mita 35. Kabla ya hapo dereva amekwisha kutumia sekunde moja, yaani mita 17 nyingine, kuona na kuamua. Tena dakika za mwanzo za mvua ndizo mbaya kuliko zote, kwa kuwa maji huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyolala juu ya lami kabla hayajayaosha.

Ndiyo maana hushauriwa kuacha nafasi ya sekunde 2 katika ukavu na sekunde 4 katika mvua. Sasa mwanafunzi na apige hesabu ya pikipiki 10 zinazokwenda kilomita 60 kwa saa zikiachana kwa sekunde 4: kutoka ya kwanza hadi ya mwisho ni mita 600. Katika kona za Sekenke wa kwanza hawezi kumwona wa mwisho. Kikundi kina njia mbili tu: kubanana ili waonane, na hivyo kuitupa kanuni ya breki, au kugawanyika katika makundi ya watu wanne au watano, kila kundi likiwa na kiongozi wake na mtu wa nyuma, na yote yakikutana katika vituo vilivyokubaliwa. Njia ya pili haina fahari ya msururu mrefu wenye honi, lakini ndiyo iliyo sahihi.

Methali husema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Katika nchi ya makorongo methali hiyo haitoshi. Korongo kavu la mchanga huweza kujaa maji huku anga juu ya msafiri ikiwa nyeupe, kwa sababu mvua imenyesha mbali, kwenye chanzo chake. Maji ya kasi yasiyofika hata magotini hutosha kumwangusha mtu mzima, na pikipiki haina uzito wa kuyashinda. Maji mengi ya namna hiyo hupungua baada ya saa chache. Anayengoja hupoteza alasiri. Anayejaribu huweza kupoteza yote.

Mwenye neno la kurudi

Wapo watakaosema kwamba utabiri hukosea, kwa hiyo hauna haja ya kufuatwa. Hoja hiyo haina nguvu. Utabiri haujapata kuwa ahadi. Ni makadirio ya uwezekano, na mwenye akili huyatumia kama mkulima atumiavyo, yaani kwa kujiandaa kwa yote mawili. Kabla ya mvua za mwisho wa mwaka 2023 Mamlaka ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba El Nino ingezidisha mvua. Hakuna aliyeweza kutaja siku wala mlima. Lakini aliyelisikia tangazo hilo alikuwa na sababu ya kutosha kuahirisha safari ya matembezi chini ya miteremko mikali.

Wengine watasema kwamba kupanga sana huondoa furaha. Kinyume chake ndicho kweli. Mwishoni mwa Mei na mwezi Juni mvua imekwisha, majani bado yana rangi, maziwa yana maji, vumbi halijawa jingi, na Hanang huonekana bila mawingu mazito. Anayefuata majira huona mandhari zaidi kuliko anayefuata sikukuu.

Hoja iliyo ngumu kuliko zote haihusu anga, bali watu. Mtu aliye peke yake akiona wingu jeusi juu ya Wembere huweza kugeuza bila kuulizwa na yeyote. Mtu aliye na wenzake tisa huona haya. Kila mmoja humtazama mwenzake, kila mmoja hudhani kwamba wengine hawana hofu, na wote kumi huingia katika mvua ambayo hakuna hata mmoja wao angeiingia peke yake. Kwa hiyo kabla ya kuondoka kikundi hakina budi kukubaliana mambo matatu: ni nani mwenye neno la kurudi, ni dalili zipi zitakazomlazimisha kulisema, na kwamba neno hilo likisemwa halijadiliwi barabarani. Dalili hizo ziwe za kuhesabika. Ngurumo ikisikika sekunde 15 baada ya umeme, radi iko kiasi cha kilomita 5: msafara usimame, waendeshaji waachane na pikipiki zao, waingie katika nyumba imara kama ipo karibu, wala wasijikinge chini ya mbuyu au juu ya mwamba. Maji yakifunika sakafu ya kivuko, hapana kuvuka. Saa 7 ikipita kabla ya Misigiri katika siku ya mvua, hapana kuteremka Sekenke siku hiyo.

Shule za sekondari za Singida zina nafasi njema katika jambo hili, maana wanafunzi wengi wamekwisha kupanda pikipiki, na baadhi yao wataziendesha kwa kazi mara wamalizapo masomo. Chombo cha kupimia mvua huweza kutengenezwa kwa chupa na rula. Darasa likiandika kila siku saa ambayo mvua ilianza, upande ulikotoka upepo, na saa ambayo korongo la jirani lilijaa, litakuwa baada ya mwaka mmoja na kumbukumbu ya mahali pake ambayo utabiri wa mkoa mzima hauwezi kuitoa. Kumbukumbu hiyo ikibandikwa kwenye kituo cha pikipiki karibu na shule, itakuwa imewafikia wanaoihitaji kuliko wote.