Kahawa Kati ya Mikono Miwili

Mwezi huu twapenda kunena habari za kazi ya biashara, jinsi iendavyo tangu mwanzo hata mwisho; maana wengi wetu twaifanya siku zote, wala hatujakaa kitako kuitazama.

Twatwaa mfano wa kahawa ya Kilimanjaro, ambako wakulima waliunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Tunda huchumwa likiwa jekundu. Siku ile ile humenywa kwa mashine, mbegu zikavundikwa siku moja au mbili hata utelezi uachie, kisha huoshwa na kuanikwa juu ya vichanja. Zikikauka, gunia hupelekwa kwenye chama cha msingi, hupimwa, na mwenyewe hupewa stakabadhi. Baadaye huenda kiwandani kukobolewa na kupangwa kwa madaraja, kisha mnadani.

Basi, katika kila tendo mna kitu kiingiacho, mtu atendaye, kitu kitokacho, na mtu akipokeaye. Huyo wa mwisho ndiye tumsahauye.

Tuliitwa katika nyumba moja kupatanisha mume na mke. Gunia lao lilikuwa limekataliwa mizanini, kwa kuwa lilinuka uchachu. Na fedha zile ndizo zilizotazamiwa kuwa karo ya binti yao. Mume alisema, “Mama Ndesa hakuosha vema.” Mke akajibu kwamba aliosha mara tatu. Nasi twakiri, tulikwenda tukidhani kosa ni la maji.

Tukawaomba wapange punje za mahindi chini, kila punje tendo moja, na kando yake wataje jina la mtendaji. Kuchuma, Baba Ndesa. Kumenya, Mama Ndesa na watoto. Kuvundika, kuosha, kuanika, yote yalikuwa na wenyewe. Lakini kati ya punje ya kwanza na ya pili wakanyamaza. Mashine ilikuwa ya nyumba tatu kwa shirika, na siku ile ilikuwa kwa jirani. Mume alidhani mke atamtuma mtoto kuileta. Mke alidhani mume atarudi nayo. Matunda yakalala guniani siku mbili, yakapata moto. Kila mmoja alikuwa ametimiza sehemu yake.

Mama Ndesa akaiokota punje moja, akaiweka mbele ya zote. “Kazi yetu haianzi kwa kuchuma,” akasema. “Yaanza kwa mashine.”

Karo ya muhula ule ililipwa kwa kuuza mbuzi wawili. Msimu uliofuata, kijana wao alitumwa jioni ya kuamkia siku ya kuchuma, wala hakuna aliyegusa mti hata mashine ilipokuwa imetua uani.