Kwa Nini Mgonjwa wa Figo Hupimiwa Maji



Miongoni mwa kazi za katibu wa kamati ya msikiti, hasa katika kata kama yetu hii ya Nkende, ni kuandika barua za kuombea wagonjwa michango ya matibabu. Kwa sababu hiyo watu hunijia na maswali ambayo yangemfaa zaidi daktari. Mwezi huu kijana mmoja, ambaye baba yake husafishwa damu kwa mashine katika hospitali ya rufaa, alikuja na jambo lililokaribia kuigawa familia yao. Mzee amepangiwa maji ya kunywa kwa kipimo, naye hulalamika kiu mchana kutwa. Shangazi za kijana wamekwisha kutoa hukumu: figo huoshwa kwa maji, kila mtu anajua hivyo, basi inakuwaje anayeumwa figo ndiye anyimwe maji? Mmoja wao humpelekea kaka yake jagi zima kila jioni, kwa siri, kwa huruma ya damu.

Jagi hilo laweza kumuua. Nimewauliza wenye elimu ya tiba, nikasoma nilichoweza kusoma, na nimeona niyaandike haya kwa kuwa shangazi huyo hayuko peke yake. Usemi wa kuosha figo kwa maji umeenea katika nyumba zetu nyingi.

Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 65 hubeba mwilini mwake maji yapatayo lita 40, na damu yake ni kiasi cha lita tano tu. Figo zake mbili, kila moja kadiri ya ngumi, hupitiwa na zaidi ya lita moja ya damu kila dakika. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja, viitwavyo nefroni. Kwa siku moja vichujio hivyo huchuja takribani lita 180 za majimaji kutoka katika damu, ilhali mkojo wa siku nzima ni lita moja au mbili. Hizo nyingine zote zimekwenda wapi? Zimerudishwa katika damu. Hii ndiyo kazi kubwa ya figo, nayo ni ya kurudisha kuliko kumwaga: hutoa karibu kila kitu nje ya damu, hukagua, kisha hurudisha kinachofaa na kuacha taka ziende zake. Penye mkondo wa lita 180, jagi la lita moja halioshi chochote.

Kiasi gani kirudishwe, hilo huamuliwa saa kwa saa. Chini ya ubongo mna chembe hai zinazopima uzito wa damu, yaani wingi wa chumvi ikilinganishwa na maji. Damu ikizidi uzito hata kwa asilimia moja au mbili, mambo mawili hutokea: mtu huona kiu, na homoni iitwayo vasopresini humwagwa katika damu na kufika kwenye figo. Huko hufungua vijia vya maji katika sehemu ya mwisho ya mirija ya figo. Maji hurejea katika damu, na mkojo hutoka kidogo, mzito, wa rangi ya manjano iliyokolea. (Mmarekani Peter Agre, aliyegundua vijia hivyo katika utando wa seli, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003.) Ukinywa maji mengi, homoni hupungua, vijia hufungwa, na muda si mrefu unatafuta pa kujisaidia.

Lakini figo haziumbi maji. Hulinda yaliyopo tu, na ulinzi huo una mpaka. Figo ya mwanadamu huweza kufanya mkojo uwe mzito kiasi cha mara nne ya damu, si zaidi, na kila siku huhitaji walau nusu lita ya maji ili kutolea taka. Majirani zetu wa Serengeti wametupita mbali. Profesa G. M. O. Maloiy wa Kenya aliandika mwaka 1973 juu ya namna digidigi anavyotumia maji, na imebainika kwamba mnyama huyo mdogo huweza kutoa mkojo mzito mara nyingi kuliko wetu, hata akaishi kwa umande na unyevu wa majani. Sisi hatukupewa figo za digidigi.

Ndiyo maana anayefunga hafaidiki kwa kugugumia lita mbili za maji wakati wa daku. Damu huwa nyepesi ghafla, vijia hufungwa, na sehemu kubwa ya maji hayo hutoka kabla jua halijapanda. Afadhali kuyagawa tangu futari hadi daku. Hapa kwetu, karibu kabisa na mstari wa ikweta, saumu huwa ya saa 13 na nusu hivi mwaka mzima, na mwenye afya anayefanya kazi ya kivulini hupoteza maji ambayo figo zake humudu kuyafidia. Anayefyatua matofali juani au kushuka shimo la dhahabu ni habari nyingine, kwani jasho laweza kufikia lita moja kwa saa. Mtu kama huyo akimeza diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya mgongo huku mwili umekauka, anajitia hatarini, kwa kuwa dawa hizo hupunguza damu inayoingia katika figo wakati ambapo tayari imepungua. Vidonge hivi huuzwa kiholela mno katika maduka yetu. Wazee nao wachunge, maana kwa umri kiu hudhoofika hata kama mwili unahitaji maji.

Sasa turudi kwa mgonjwa. Figo zikishindwa kabisa, mara nyingi kwa kisukari au shinikizo la damu lililoachwa miaka mingi bila kutibiwa, uwezo wa kupima hupotea. Ubongo bado unahisi, kiu bado inakuja, bali anayepaswa kutekeleza amri hayupo. Maji yakinywewa hayana pa kutokea. Hujaa katika miguu, ikavimba, hupandisha shinikizo la damu, huulemea moyo, mwisho huingia katika mapafu, na mgonjwa hushindwa kupumua akiwa amelala kitandani kwake, pasipo mto wala kisima.

Mashine huondoa maji hayo, lakini kwa kawaida ni mara tatu kwa wiki, saa nne hivi kila mara, kazi ambayo figo nzima huifanya usiku na mchana bila kupumzika. Zaidi ya hayo, mashine huvuta maji kutoka katika damu peke yake. Mgonjwa aliyejaza lita nne tangu siku ya mwisho, yakivutwa yote kwa haraka, shinikizo lake huanguka. Wengine huzirai, wengine hukakamaa misuli kwa maumivu makali. Familia ikiona hivyo husema mashine ndiyo inayomdhoofisha, nayo hurudi nyumbani kumpa uji mwingi apate nguvu.

Usemi wa shangazi una asili yake, tuwe waadilifu. Mwenye mawe katika figo huagizwa kunywa maji mengi, kwa sababu figo zake bado zinafanya kazi na mkojo mwepesi huzuia mawe kujijenga. Hata aliyepandikizwa figo, matibabu ambayo hapa nchini yalianza Muhimbili mnamo Novemba 2017 na kufuatiwa na Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma mwaka 2018, mara nyingi huhimizwa kunywa maji ya kutosha. Ugonjwa ni wa kiungo kimoja, hukumu ni tofauti. Kwa sababu hiyo kipimo huwekwa na daktari kwa mgonjwa huyo huyo, kwa kuangalia mkojo anaoendelea kutoa, wala hakiazimwi kwa jirani. Na akitaka kufunga, amuulize daktari huyo kwanza. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul-Baqara, na kwake futari ni saa ya hatari, kwani kiu ya mchana kutwa hutaka kulipwa kwa mara moja.

Nyumbani, kiu hupunguzwa kwa kuanzia jikoni. Chumvi ndiyo inayoitisha maji, na magadi yanayolainishia mboga yana sodiamu pia. Ndizi, chakula chetu cha kila siku, zina potasiamu nyingi, madini ambayo figo zilizokufa haziwezi kuyatoa, nayo yakizidi husimamisha moyo. Mtaalamu wa lishe wa hospitali ndiye wa kusema ziliwe kiasi gani. Maji ya siku nzima yatiwe asubuhi katika chupa moja, na kila anywacho mgonjwa, chai, uji, mchuzi, maziwa, kipunguzwe humo. Atumie kikombe kidogo. Asukutue kinywa na kutema. Na apimwe uzito kila asubuhi kabla ya kula: kilo moja iliyoongezeka tangu jana ni lita moja ya maji iliyobaki mwilini.